Faili lililofutwa kabla mrithi wake hajafika: uchambuzi wa kisa cha seva ya Debian 10

Mwanzoni mwa mwaka 2022, usiku wa saa tatu kasorobo, fundi wa kompyuta wa chuo kimoja cha mkoani alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba alieleza shida yake kwa sentensi moja: "Kaka, sudo imekufa, na nikijaribu kuingia upya kwa SSH inanikata." Sudo ni amri inayompa mtumiaji mamlaka ya msimamizi, na SSH ni njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali. Nilimuuliza kama amebakiwa na dirisha lolote lililo wazi ambamo yeye ni ruti, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote. Akasema analo moja, lile alilokuwa akifanyia kazi. "Basi usilifunge," nilimwambia, "wala usiizime mashine mpaka nikuambie."

Kisa hiki nimekiandika kwa sababu kinagusa jambo ambalo watumiaji wengi wa Linux hawalioni mpaka liwaumize. Tumezoea kusema kwamba kidhibiti cha vifurushi, yaani chombo kinachotusakinishia programu zilizofungwa tayari, hushughulikia mahitaji ya programu kwa niaba yetu, na kwa kawaida ni kweli. Lakini ahadi ya kidhibiti hicho inahusu hali ya mwisho, yaani kwamba kazi ikikamilika kila kifurushi kitakuta kinachohitaji. Kuhusu hali ya mashine katikati ya kazi, ahadi ni finyu zaidi kuliko tunavyodhani, na usiku ule seva ya chuo ilikuwa imekwama hapo hapo katikati.

Seva yenyewe ilikuwa ya kawaida: Debian 10, toleo la usambazaji wa Linux linalojulikana kwa jina la buster, lililotoka Julai 2019, ikiwa na hifadhidata ya PostgreSQL 11 na mfumo wa matokeo ya wanafunzi ulioandikwa kwa Python. Python ya buster ni 3.7.3. Waliouandika mfumo walikuwa wametuma toleo jipya lililohitaji Django 4.0 (Django ni mkusanyiko wa zana za Python za kujengea tovuti), iliyotoka Desemba 2021, na Django 4.0 haikubali Python iliyo chini ya 3.8. Fundi alipoendesha pip, chombo cha kusakinisha maktaba za Python, ilimjibu kwamba haioni toleo linalokidhi ombi lake, ikamworodheshea matoleo inayoyaona, na orodha ikaishia kwenye mfululizo wa 3.2. Jibu hilo lilipotosha kidogo, kwa sababu Django 4.0 ilikuwapo mahali pake kama kawaida. Pip iliificha tu kutokana na umri wa Python iliyokuwa ikiihudumia. Msomaji asiyelijua hilo huanza kushuku mtandao, na kijana wetu alipoteza karibu saa nzima akiushuku mtandao.

Alipokwisha kuielewa sababu, alitafuta namna ya kupata Python mpya, akakuta ushauri ambao umesambaa sana: ongeza mstari wa ghala la testing, yaani la Debian inayojaribiwa kabla ya kutolewa rasmi, kisha sakinisha. Akafungua /etc/apt/sources.list, na chini ya mistari ya buster akaandika hivi:

deb http://deb.debian.org/debian testing main

Kisha akatoa amri mbili, apt update, halafu apt install python3.9 python3.9-venv. APT, kidhibiti cha vifurushi cha Debian, ikapiga hesabu, ikaonyesha muhtasari, ikauliza kama aendelee. Akabonyeza Y.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu muhtasari ule alikuwa ameupiga picha, na baadaye niliusoma kwa makini. Aliomba vifurushi viwili. Sehemu ya vipya ilikuwa na zaidi ya kumi, na libcrypt1 ilikuwa mmojawapo. Sehemu ya vitakavyopandishwa ilianza na libc-bin, libc6 na locales, kisha vingine kadhaa. Libc6 ndiyo maktaba ya msingi ya lugha ya C, na karibu kila programu ndani ya mfumo imesimama juu yake, kuanzia ls mpaka PostgreSQL. Ya buster ni 2.28, na ile iliyokuwa ikiletwa kutoka testing ilikuwa 2.33. Kwa maneno mengine, mtu aliyeomba Python alikuwa anaulizwa kama anaafiki kubadilishiwa msingi wa nyumba ilhali amelala ndani, na swali lenyewe limewekwa kwenye mstari mmoja, kati ya majina mengine yanayofanana nalo, kwa mwandiko uleule.

Sikumlaumu, na bado simlaumu. Miezi michache tu kabla ya hapo, Novemba 2021, Linus Sebastian, mtangazaji wa teknolojia wa Kanada mwenye mamilioni ya watazamaji, alijaribu kusakinisha Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, usambazaji mwingine wa Linux. APT ikamwonya kwamba itaondoa vifurushi muhimu, ikamtaka aandike kwa mkono sentensi ya Kiingereza inayosema "ndiyo, fanya nisemavyo". Akaiandika, na mazingira yote ya picha yakaondoka mbele ya kamera. Kisa kile kilisababisha mjadala mkubwa, na APT ikaongezewa kinga dhidi ya kuondoa vifurushi vya lazima. Lakini kinga ile isingemsaidia fundi wetu, hata kama seva yake ingekuwa na APT mpya badala ya 1.8 ya buster, kwa sababu hakuna kilichoondolewa. Libc6 ilikuwa inapandishwa, na kupandisha ni jambo ambalo kidhibiti hulichukulia kuwa jema.

Kazi ikaanza. Vifurushi vyote vikapakuliwa, dpkg, chombo kinachoisakinishia APT vifurushi, ikaanza kuvifungua kimoja kimoja, kisha skrini ikasimama na maneno haya:

/usr/bin/perl: error while loading shared libraries: libcrypt.so.1: cannot open shared object file: No such file or directory

Chini yake dpkg ikaongeza kwamba skripti ya baada ya usakinishaji ya libc6 imekatika kwa msimbo wa kosa 127. Maana yake kwa Kiswahili ni nyepesi: perl, programu inayoendesha skripti za lugha ya Perl, imejaribu kuwaka, imetafuta maktaba iitwayo libcrypt.so.1, na maktaba hiyo haipo kwenye diski. Swali zito ni imekwenda wapi, maana dakika moja kabla ya hapo ilikuwapo.

Jibu liko katika historia ya maktaba hiyo. Libcrypt ndiyo inayofanya kazi ya kugeuza nenosiri kuwa ile mifuatano mirefu inayohifadhiwa katika /etc/shadow. Mpaka buster, faili lake lilikuwa ndani ya kifurushi cha libc6 chenyewe. Baada ya hapo Debian ililitoa humo na kulipa kifurushi chake, libcrypt1, kinachotokana na mradi wa libxcrypt. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, na wa kawaida katika maisha ya usambazaji wowote wa Linux: kitu kilichokuwa chumba kinakuwa nyumba. Ili kuhakikisha hakuna anayebaki bila maktaba hiyo, libc6 mpya ikaandikiwa kwamba inategemea libcrypt1. Na libcrypt1 nayo, kama zilivyo karibu maktaba zote, inategemea libc6. Wawili hao wanategemeana.

Sasa tuangalie dpkg inavyofanya kazi, kwa sababu APT hupanga tu, na anayebeba mizigo ni dpkg. Kifurushi huingia kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza kinafunguliwa: mafaili mapya yanawekwa mahali pake, na mafaili ya toleo la zamani ambayo hayamo katika toleo jipya yanafutwa. Katika hatua ya pili kinasanidiwa: skripti zake zinaendeshwa, kisha kinahesabiwa kuwa kiko tayari. Utegemezi wa kawaida, ule unaoandikwa Depends katika maelezo ya kifurushi, unabana hatua ya pili peke yake. Unasema kwamba usinisanidi kabla ya kile ninachokitegemea kuwa tayari. Hausemi lolote kuhusu kufunguliwa. Na vifurushi viwili vinapotegemeana, haiwezekani kila kimoja kikisubiri kingine, kwa hiyo kimoja husanidiwa kwanza. Anayetaka kubana hata hatua ya kwanza huandika Pre-Depends, na Debian inawataka watunza vifurushi wasiitumie bila kujadiliana kwanza, kwa sababu Pre-Depends zikizidi, APT hukosa njia ya kupitia, hasa pale vifurushi viwili vinapotegemeana kama hivi.

Weka mambo hayo pamoja, na kisa kinajieleza. APT ilipanga libc6 ifunguliwe kwanza. Dpkg ikaifungua, ikalinganisha orodha ya mafaili ya 2.28 na ya 2.33, ikaona kwamba libcrypt.so.1 haimo tena katika orodha mpya, ikaifuta. Kifurushi cha libcrypt1, ambacho ndani yake mna mrithi wa faili lile, kilikuwa bado kwenye foleni. Kati ya kufutwa kwa la zamani na kuwekwa kwa jipya palikuwa na pengo, na ndani ya pengo hilo ikaitwa perl, kwa sababu skripti ya libc6 hutumia debconf, chombo cha kuuliza maswali ya usanidi, na debconf imeandikwa kwa Perl. Perl yenyewe imeunganishwa na libcrypt, maana lugha hiyo ina kitendakazi chake cha kuficha nenosiri. Perl ikafa, skripti ikafa nayo, dpkg ikasimama, na pengo ambalo lingedumu kwa sekunde chache likawa ndiyo hali ya mashine.

Kutoka hapo madhara mengine ni ya kutabirika. Sudo na su hupitia PAM, utaratibu wa mfumo wa kuthibitisha watumiaji, na moduli ya PAM inayokagua nenosiri inahitaji libcrypt.so.1. Kwa hiyo zote mbili zilikataa, hata kama nenosiri lilikuwa sahihi. SSH ya buster nayo, kwa kila anayebisha hodi, huanzisha upya programu ya sshd kutoka kwenye diski, na sshd imeunganishwa na maktaba ileile. Ndiyo maana kila jaribio jipya lilikatwa kabla hata ya kuulizwa nenosiri. Dirisha la zamani la fundi liliendelea kuishi kwa sababu bash, programu inayopokea amri, iliyokuwa ndani yake ilishawaka, na bash haina haja na libcrypt.

Jambo lililomchanganya fundi ni kwamba mfumo wa matokeo uliendelea kufunguka kwenye simu za wanafunzi kana kwamba hakuna kilichotokea. Nalo lina sababu. Katika Linux, faili lililofutwa huku programu ikiwa imelishika haliondoki kabisa. Jina lake linatoweka kwenye saraka, ila yaliyomo yanabaki mpaka aliyelishika aliachie. Huduma zilizowaka kabla ya ajali zilikuwa zinaishi kwa maktaba ambazo kwenye diski hazipo tena. Hali kama hiyo inaweza kudumu siku nyingi bila mtu kushtuka, na kinachoiangusha ni kuwasha upya. Hilo ndilo lililonifanya nimkataze kuizima mashine kabla sijamuuliza jambo jingine lolote.

Uokoaji haukuwa mgumu, mradi dirisha lipo. Watu wengi wakifika hapa hukimbilia apt --fix-broken install, kwa kuwa APT yenyewe huipendekeza, na fundi alikuwa ameshaijaribu mara tatu. Haiwezi kufaulu, kwa sababu jambo la kwanza itakalofanya ni kujaribu tena kuisanidi libc6, itaita perl, na perl itakufa vilevile. Ni lazima kwanza faili lirudishwe kwa mkono, bila kupitia kitu chochote kinachohitaji perl. Dpkg-deb, chombo kinachojua kufungua kifurushi bila kukisakinisha, imeandikwa kwa C na haihitaji libcrypt. Na kifurushi chenyewe hakikuhitaji kupakuliwa, kwa kuwa APT hupakua vifurushi vyote kabla ya kuanza kufungua hata kimoja, na kazi ikikatika huviacha katika /var/cache/apt/archives. Bando la fundi lilikuwa linaelekea ukingoni, kwa hiyo habari hiyo ilimpa ahueni kubwa. Nilimwambia aandike:

cd /root
dpkg-deb -x /var/cache/apt/archives/libcrypt1_*_amd64.deb muda
ls -l muda/lib/x86_64-linux-gnu

Jina la faili katika hifadhi ile lilimtia wasiwasi kwa sababu lilikuwa na alama %3a katikati, akadhani limeharibika. Haikuwa hivyo. Nambari ya toleo la libcrypt1 huanza na 1 na nukta pacha, na nukta pacha katika jina la faili huandikwa kwa namna hiyo. Ndani ya saraka ya muda akaona vitu viwili, libcrypt.so.1.1.0, ambalo ndilo faili lenyewe, na libcrypt.so.1, ambacho ni kiungo kinacholielekea. Akavinakili vyote viwili:

cp -a muda/lib/x86_64-linux-gnu/libcrypt.so.1* /lib/x86_64-linux-gnu/
ldconfig
perl -v

Ile -a inalinda kiungo kibaki kuwa kiungo, na ldconfig huusasishia mfumo orodha ya maktaba zake. Perl ikajibu kwa kutaja toleo lake, na kwenye simu nikasikia pumzi ndefu. Hapo ndipo apt --fix-broken install ilipopata maana. Ikaisanidi libc6, ikaifungua libcrypt1 juu ya mafaili yaleyale tuliyoyaweka kwa mkono, ikayaandikisha kuwa yake, ikamaliza na vingine. Kabla ya kuliachia dirisha lake, nilimtaka afungue dirisha la pili, aingie upya kwa SSH, na ajaribu sudo huko. Ilikubali. Ilikuwa saa nne na robo.

Kama dirisha lingekuwa limefungwa, njia ingekuwa ileile ila ndefu zaidi: kuwasha mashine kwa flashi yenye Debian, kuipachika diski ya seva chini ya /mnt, na kunakili mafaili yale mawili kwenda /mnt/lib/x86_64-linux-gnu. Kinachohitajika hapo ni mtu kuwa mbele ya mashine, na seva ile ilikuwa katika chumba ambacho funguo zake hukaa kwa mhasibu.

Watu wengi wangeishia hapo. Python 3.9 ilikuwa imesakinishwa, mfumo unafanya kazi, sudo imerudi. Mimi nilishauri seva ile isiachwe hivyo, na sababu zangu ni hizi. Mashine sasa ilikuwa na libc6 ya testing chini, na vifurushi mia kadhaa vya buster juu yake. Debian haijaribu mchanganyiko kama huo. Katika kurasa za wiki za mradi huo mtandaoni, mashine za namna hii zimepewa jina la FrankenDebian, kwa kumfananisha na lile jitu lililoshonwa kwa viungo vya watu mbalimbali. Marekebisho ya usalama ya buster yangeendelea kuja kwa vifurushi vya buster, ila libc6 isingeyapata tena, kwa sababu nambari yake ilishaivuka buster. Testing nayo haipati huduma ya usalama kwa kiwango cha toleo thabiti. Na kuirudisha libc6 chini ni jambo ambalo APT haifanyi kwa hiari: ili ikubali kushusha toleo, ghala husika lazima lipewe kipaumbele cha 1000 au zaidi, na hata likipewa, skripti za vifurushi zimeandikwa kwa kupanda, na hakuna aliyezijaribu kwa kushuka.

Kulikuwa pia na hofu yangu kuhusu PostgreSQL. Hifadhidata hiyo huazima kutoka libc6 utaratibu wa kupanga maneno kwa alfabeti, na faharasa zake za maandishi hujengwa kwa kufuata utaratibu huo. Libc6 ikibadilisha mpangilio, kama ilivyobadilika sana katika toleo la 2.28, faharasa za zamani zinaweza kutoa majibu yasiyo sahihi bila kuonyesha kosa lolote. Sikuwa na ushahidi kwamba kati ya 2.28 na 2.33 kuna badiliko lililogusa majina ya wanafunzi wa chuo kile. Lakini kwenye mfumo wa matokeo ya mitihani, sikutaka tusubiri ushahidi.

Fundi alipendekeza kitu alichokuwa amekisoma tangu usiku ule, yaani kuipunguzia testing kipaumbele katika /etc/apt/preferences. Pendekezo hilo lina faida, ila si ile aliyoitarajia. Ghala za kawaida hupewa 500 zisipoelezwa vingine, na zikilingana, nambari kubwa ya toleo ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo ule mstari wa testing, ukiachwa bila mpaka, ungeifanya apt upgrade inayofuata ijaribu kuivuta mashine nzima kwenda testing. Kuipa testing 100 kunazuia hilo. Lakini vipaumbele vinaamua kipi kichaguliwe pale penye uchaguzi. Havifuti mahitaji. Python 3.9 ya testing ilijengwa juu ya libc6 ya testing, na anayeitaka hiyo ataipata na msingi wake, kipaumbele kiwe 100 au 500. Nimeona watu wakiweka vipaumbele kwa uangalifu mkubwa kisha wakashangaa libc6 ikipanda vilevile.

Tulipokaa kupitia njia ambazo zingefaa tangu mwanzo, kilichonisikitisha ni wingi wake. Debian 11, bullseye, ilikuwa imeshatoka tangu Agosti 14, 2021, na Python yake ni 3.9.2, inayotosha kabisa kwa Django 4.0. Kilichotafutwa kwenye testing kilikuwa kimekaa katika toleo thabiti linalofuata, na njia ya kutoka buster kwenda bullseye imeandikwa hatua kwa hatua na kujaribiwa na watu wengi, tofauti na kuruka toleo zima, jambo ambalo Debian haliungi mkono. Aliyetaka kubaki buster angeweza kuijenga Python kutoka msimbo wake na kuiweka chini ya /usr/local kwa make altinstall, ambayo haiigusi python3 ya mfumo, au kuiendesha ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa na mfumo wa mwenyeji, ambamo libc6 ya kontena haikutani na ya mwenyeji. Ghala la backports, lenye vifurushi vipya vilivyojengwa kwa ajili ya toleo thabiti, ambalo kwa kawaida ndilo ninalolitaja kwanza, hapa lisingesaidia, kwa kuwa Python 3.9 haikuwekwa humo kwa ajili ya buster. Na ipo njia ambayo mafundi huiona kama kushindwa: kuwaandikia waliotengeneza mfumo na kuwauliza kama kweli wanahitaji Django 4.0, wakati 3.2 lilikuwa toleo la msaada wa muda mrefu lililoahidiwa kuhudumiwa mpaka Aprili 2024 na linaridhika na Python 3.7. Tulipowauliza baadaye, walijibu kwamba walichukua 4.0 kwa sababu ndiyo iliyokuwa mpya.

Wenzetu wa Arch, usambazaji mwingine wa Linux, wameliweka jambo hili wazi zaidi kuliko sisi wa Debian. Kwao nyaraka zinasema waziwazi kwamba kupandisha sehemu ya mfumo na kuacha sehemu nyingine hakuungwi mkono, kwa hiyo mtumiaji wa pacman, kidhibiti chao cha vifurushi, hufundishwa mapema kupandisha vyote kwa pamoja. Debian, kwa kuwa maelezo ya utegemezi katika vifurushi vyake ni ya kina sana, humpa mtumiaji hisia kwamba anaweza kuchanganya atakavyo na hesabu zikakubali. Usiku ule hesabu zilikubali. Hakuna hitaji hata moja lililoachwa nje ya hesabu, kwani kila kilichohitajika kilikuwa kimepangwa kuwapo mwishoni.

Tuliamua kusakinisha bullseye upya. Kwenye seva iliyookolewa fundi alitoa nakala ya hifadhidata kwa pg_dump, akaihamishia kwenye diski ya nje pamoja na saraka ya mafaili yaliyopakiwa na walimu, kisha akaanza usakinishaji Jumamosi asubuhi, wakati wanafunzi hawapo. PostgreSQL ya bullseye ni 13, na kurejesha nakala ya 11 ndani yake hakukuwa na shida ya toleo. Shida ilikuwa ya watumiaji: pg_dump hutoa hifadhidata moja, na majina ya watumiaji wa PostgreSQL hayamo ndani ya hifadhidata yoyote, kwa hiyo urejeshaji ukalalamika kwamba mmiliki wa majedwali hayupo. Ilikuwa imebidi kuendesha pia pg_dumpall --globals-only kabla ya kufuta, nami sikukumbuka kumwambia. Watumiaji walikuwa wawili tu, akawaunda kwa mkono. Kikwazo cha mwisho kilikuwa mazingira pepe ya Python, ambayo yalikataa kuundwa mpaka alipoongeza python3-venv, kwa kuwa Debian huitenga sehemu hiyo ya Python katika kifurushi cha peke yake.

Kabla ya kuifuta diski ya zamani nilimwomba anitumie /var/log/apt/history.log. Maingizo mengi katika faili lile hufungwa na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kati yake hakuna la kusoma zaidi ya orodha ya majina. Ingizo la usiku ule lilikuwa na mstari mmoja wa ziada unaosema kwamba dpkg imerudisha msimbo wa kosa 1, na juu yake, kwenye mstari wa amri, maneno manne: apt install python3.9 python3.9-venv.